Bei ya Asiyejua

Kuna aina ya mteja anayeshuka Ramisi siku hizi ambaye hataki nazi, hataki korosho, wala hana safari ya Shimoni kuwaona pomboo. Anatafuta kiti. Tena si kiti kipya. Kipya hata hakitupii jicho. Anakitaka kile kilichotupwa uani, kuku wanalala juu yake, chenye miguu iliyochongoka kwenda chini na mikono iliyopinda kidogo pale pa kuegemeza kiwiko. Akikiona hasemi kitu. Anakipita, anauliza hali ya mguu wa bibi, anaulizia bei ya mtungi uliovunjika mdomo, halafu anakirudia kana kwamba ndiyo kwanza amekikumbuka. "Na hiki, bibi, bado mnakitumia?"

Nawajua wateja hawa kwa sababu wengine nawaleta mimi. Niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo, hadithi ambayo kila kijiji cha huku kina kumi kama hiyo, nikarudi nyumbani nikaanza kuishi kwa kalamu: maelezo ya nyumba za kupangisha za Diani, matangazo, makala kama hii. Kalamu hainunui unga kila wiki. Kwa hiyo dada mmoja wa Nairobi anayeuza samani za zamani mtandaoni aliponiuliza kama najua nyumba zenye vitu vya miaka ya hamsini na sitini, nilimwambia najua. Ananipa nauli na kitu kidogo kwa kila nyumba ninayomfikisha. Si siri. Ramisi nzima yaijua kazi yangu, na wako wanaoniita dalali wa viti vibovu.

Swali ninalotaka tulizungumze ni la kitoto ukilisema haraka. Ukijua kitu kina thamani gani, na mwenyewe hajui, je, una wajibu wa kumwambia kabla hakijanunuliwa? Chuoni, nilikokuwa nikisoma falsafa, tulilipitia kwa nusu saa kabla ya chakula cha mchana. Hapa linanichukua mwaka wa pili.

Kwanza viti vyenyewe, maanake msomaji asije akadhani ni viti vya enzi. Ni samani za baada ya Vita Vikuu vya Pili hadi mwishoni mwa miaka ya sitini. Waliozivumisha sana ni wabunifu wa Denmark, watu kama Hans Wegner na Finn Juhl: mbao tupu, nakshi hakuna, kila kiungo kimelainishwa hadi kiganja kinapita bila kukwaruzwa. Mbao waliyoipenda mno ni mtiki, na mtiki hauoti Denmark. Ulitoka Asia, ukapanda meli hadi Ulaya, ukawa kiti, na baadhi ya viti hivyo vikapanda meli tena vikateremshwa Kilindini. Huku kwetu vilipata pa kukaa kwa sababu ya sukari. Kiwanda cha Ramisi kilipokuwa hai palikuwa na nyumba za mameneja na wahandisi, nyumba zikiwa na sebule, na sebule ikitaka viti. Kiwanda kikafungwa mwaka 1988. Kwa wanavyosimulia wazee, watu walipohama vitu vizito havikuhama nao. Vingine viliuzwa, vingine wakaachiwa waliokuwa wakipika na kufua humo. Na si vyote vilivuka bahari. Fundi seremala mmoja mzee wa Msambweni amenionyesha kiti alichokiiga mwenyewe kwa mvule, na ukikilinganisha na cha Denmark hujui kipi ni kipi mpaka ukipindue utafute chapa. Kile cha mvule mchwa wamekishindwa. Bei yake Nairobi haifiki nusu ya kile kingine. Hapo tayari ungeweza kuandika makala nzima na kulia kidogo, lakini tuendelee.

Dada haji kwa ajili ya viti tu. Anapenda na vyombo vya maua vya udongo, vile vyenye rangi nzito iliyotutumka kama uji uliomwagikia nje ya sufuria ukagandia. Ukivipindua unakuta namba na jina la Ujerumani Magharibi, nchi ambayo tangu 1990 haiko kwenye ramani. Anapenda na bakuli pana za maua mekundu na kijani zilizotoka viwanda vya Maastricht kule Uholanzi, ambazo bibi zetu walizipakulia pilau na hawakujua kwamba Maastricht ni mahali.

Mtu akisema kukusanya vyombo vya ng'ambo ni mchezo wa wageni, hajui pwani hii. Sisi tulikuwa na ugonjwa huo kabla yao. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilijengewa zidaka ukutani, safu juu ya safu, na humo zilipangwa sahani za China zionekane na anayeingia. Kaburi la mnara la Mambrui lilipachikwa bakuli za China za enzi ya Ming. Kunduchi, upande wa Dar es Salaam, ni hivyo hivyo. Mtu alinunua sahani iliyovuka bahari nzima, halafu hakuilia chakula. Akaipachika kwenye chokaa juu ya maiti wake. Leo kwenye makaburi mengi ya pwani utakuta mashimo tu, duara safi kama mdomo wa kikombe, palipong'olewa. Walioyang'oa nao walijua thamani kuliko waliolala chini.

Sheria ya Kenya inalijua jambo hili kwa namna yake. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika, ukitoa vitabu na hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Hebu lisome tena hilo neno kuletwa. Sahani ya China iliyoshushwa hapa mwaka 1894 ni turathi yetu, na huitoi nje bila kibali. Iliyoshushwa mwaka 1896 ni sahani. Mwaka 1895 ndio Waingereza walipotangaza himaya yao huku, kwa hiyo mpaka kati ya turathi na bidhaa ni siku wageni walipoanza kuandika daftari. Milango ya nakshi ina mpaka wake, 1946. Kiti cha mwaka 1962 kilichoachwa na mhandisi hakina mlinzi yeyote. Sheria imekiachia dhamiri, na dhamiri haina afisa mpakani.

Sasa nyumba ninayoifikiria. Ni ya bibi mmoja ambaye na marehemu bibi yangu walikuwa wakiitana somo tangu usichana wao. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa mpishi kwenye nyumba ya mhandisi mmoja, na viti vinne vikabaki kwake. Chini ya kimoja pana chapa iliyochomwa kwenye mbao kuonyesha kimetengenezwa Denmark. Dada alimtajia shilingi 1,500 kwa kila kiti. Bibi hakukubali wala hakukataa. Alinigeukia mimi.

"Mwanangu, wewe umesoma. Hivi vyafaa pesa hiyo, ama vyazidi?"

Nilikuwa nimekiona pacha wake kwenye ukurasa wa dada wiki ile ile, kimepigwa msasa na kushonewa mito mipya: shilingi 38,000. Nilimjibu kwa Kiswahili, si kwa Kidigo, ili wote wawili wasikie. Nikasema, bibi, kiti kama hiki kikishatengenezwa Nairobi kinauzwa elfu thelathini na nane. Bibi akasema "Subhanallah" kwa sauti ndogo, akaenda kumfukuza kuku aliyekuwa juu ya kimoja. Dada hakunisemesha mpaka tulipofika Msambweni.

Aliponisemesha alikuwa na hoja, na sitaki kuzipunja. Alisema ile 38,000 si bei ya kiti cha bibi. Ni bei ya kiti cha bibi pamoja na lori, fundi, vitambaa, kodi ya stoo Nairobi, picha, na viti vingine sita vilivyokaa mwaka mzima bila mteja. Faida yake haifiki hata theluthi. Alisema kujua ni kazi: amesoma vitabu, amedanganywa na viti bandia, amelipia kila anachokijua, sasa kwa nini akigawe bure mlangoni? Tena, akasema, mimi nisingekuja, kile kiti kingekuwa kuni kabla ya Ramadhani ijayo. Na bibi angefurahia 6,000 zake. Wewe ndiye uliyemwondolea furaha.

Hoja hizi zina babu zao. Katika kitabu cha wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma anatoa mfano wa mfanyabiashara anayetoka Alexandria na shehena ya nafaka kwenda kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Njiani ameziona merikebu nyingine zimejaa nafaka zikielekea huko huko. Akinyamaza atauza kwa bei ya njaa. Je, awaambie watu wa Rhodes? Cicero anawasimamisha wanafalsafa wawili wabishane. Diogenes anasema muuzaji aseme kasoro za mali yake kama sheria inavyotaka, basi. Kutosema si kuficha. Antipater anasema sisi binadamu ni ndugu, na ndugu hafichi habari inayomfaa mwenzake. Cicero mwenyewe anaelemea kwa Antipater. Chuoni wengi wetu tulielemea kwa Diogenes, nadhani kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa na nafaka.

Mimi bado nampa Diogenes nusu yake. Sokoni Kongowea hakuna anayewajibika kuniambia kitunguu kimeuzwaje Tanzania jana. Nimekwenda sokoni, nimejua nakwenda sokoni, macho ninayo. Dada naye akiingia duka la vitu vya zamani akakuta kiti cha Wegner kimewekewa bei ya kiti cha plastiki, anunue tu. Mwenye duka ameamua kuifanya kazi ya kujua, na ameifanya vibaya.

Lakini bibi hakwenda sokoni. Soko ndilo lililokwenda kwake, likavua viatu mlangoni, likakaribishwa chai, likamwita bibi. Na hapa ndipo ninapoachana na dada. Mtu akikuita "we mama mwenye viti" amekuambia mko wapi. Akikuita bibi, amejitia mjukuu. Lugha yetu haina neno la bure la kumwita mwanamke wa umri ule. Ama ni bibi, ama ni shangazi, ama ni mama, na kila moja lina haki zake. Mjukuu hanyamazi bibi yake anapouza kitu kwa robo ya robo ya thamani. Huwezi kulitumia neno kufungulia mlango kisha ukalivua unapofika kwenye bei, kama viatu vile lakini kinyume. Nilimwambia dada hivyo. Alisema ni adabu tu, kila mtu husema bibi. Sawa. Basi kila mtu ana deni.

La pili ni kwamba bibi aliuliza. Diogenes anaitegemea tofauti kati ya kutosema na kuficha, nami naikubali, ila tofauti hiyo inadumu mpaka mtu aulizwe. Ukishaulizwa, kimya chako ni jibu, na ni jibu la uongo. Kujua kwa dada ni kazi, ndiyo, na kazi ilipwe: kwa kutambua kiti, kwa kukitengeneza, kwa kumtafutia mnunuzi. Kunyamaza unapoulizwa si kazi. Hakuna jasho ndani yake. Na ukizitazama hesabu, katika ile faida kubwa kuliko zote, ile ya kati ya 1,500 na alichostahili bibi, kinacholipwa ni kimya peke yake.

Kuhusu kuokoa viti visiwe kuni, kuna mji mmoja India, Chandigarh, uliojengwa upya kabisa miaka ya hamsini chini ya Le Corbusier. Binamu yake, Pierre Jeanneret, alisimamia samani za maofisi: viti vya mtiki na henzirani, maelfu na maelfu. Miaka ilivyokwenda vilichakaa, vikarundikwa juani nyuma ya majengo ya serikali, vikanadiwa kama takataka. Wanunuzi kutoka Paris walikuja wakavinunua, wakavisafisha, na vikaanza kuuzwa kwenye minada ya Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola. Waliponyooshewa kidole walisema maneno ya dada karibu yote: tulivinunua kwa haki kwenye mnada, mlikuwa mnavichoma, bila sisi visingekuwepo. Yote hayo ni kweli. Mwaka 2011 serikali ya India ikapiga marufuku kuviuza na kuvitoa nje, na kiti kilichokuwa kikipigiwa bei ya kuni kikawa urithi wa taifa. Kinachonisumbua ni kwamba aliyeokoa kiti hulipwa mara mia kwa kukiokoa, na aliyekikalia miaka hamsini, akakifuta vumbi, akakifunga mguu kwa waya kisianguke, hahesabiwi kuwa naye alikiokoa. Bibi amevihifadhi viti vyake tangu 1988. Hiyo ni stoo ya miaka zaidi ya thelathini. Kodi yake nani kaiweka kwenye hesabu?

Nilimpelekea swali ustadh wetu, nikitarajia aniunge mkono, na nusu ya jibu iliniunga. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza watu wa mji kutoka nje kuipokea misafara njiani na kununua kabla wenye mali hawajafika sokoni wakaijua bei. Na aliyenunuliwa hivyo, akifika sokoni, ana hiari ya kuuvunja uuzaji. Nikafurahi, kwani hapa ni mambo yale yale, msafara ni bibi. Ustadh akaniambia nisikimbie, hadithi ina jirani yake. Alikataza pia mtu wa mjini kumuuzia mtu wa bara mali yake, na Ibn Abbas alipoulizwa maana yake alisema asiwe dalali wake. Waache watu wauziane wenyewe, riziki ipite. Yaani katazo moja linamzuia dada kumwahi bibi, na lingine linaweza kunizuia mimi kusimama kati na kuipandisha bei ya bibi kwa niaba yake. Ustadh alicheka akasema wanavyuoni wamelijadili sana hilo la pili na wengi wameliwekea masharti. Mimi sikucheka sana. Mstari kati ya kumwambia mtu ukweli na kumgeuza mtaji wako ni mwembamba, na mimi nalipwa nikiwa juu yake.

Na ukweli nao una gharama, wanafalsafa hawaitaji sana. Bei ilipokuwa 1,500, hakuna aliyeuliza viti ni vya nani. Ilipotajwa 38,000, wapwa wa marehemu walikumbuka kwamba kwa mila ya kale ya Kidigo mali ya mtu hurithiwa na watoto wa dada yake. Watoto wa bibi wakasema hayo yaliisha, sisi ni Waislamu, na kwa sheria mama anapata thumni. Thumni ya viti vinne ni nusu kiti. Bibi aliyekuwa na viti vinne kabla sijafungua mdomo akajikuta, kwa hesabu za waliosoma, ana nusu. Miezi miwili viti vilifungiwa chumbani na ufunguo akakaa nao mwanawe mkubwa. Huku nje, kila mwenye stuli Ramisi alitaka elfu arobaini, na mimi nauli nikaikosa. Mwishowe watoto walimwachia mama yao sehemu zao, wapwa wakapewa soda na maneno mazuri. Dada anaitaja miezi hiyo miwili kama ushahidi dhidi yangu. Mimi nasema ugomvi ule ulikuwa wao. Walikuwa wakigombania mali yao wakijua ni mali, na hilo silioni kuwa baya kuliko amani ya watu wasiojua wamekalia nini.

Sasa nafanya kazi kwa utaratibu mwingine: natangaza bei ya Nairobi mlangoni, nawaambia gharama za katikati kama dada alivyonihesabia, na changu nalipwa na muuzaji mbele ya mnunuzi, kumi kwa mia. Nyumba ni chache zaidi. Dada bado anakuja, kwa kulalamika. Juzi akaniletea hoja ambayo naiona ndiyo nzuri kuliko zote alizowahi kunipa. Alisema mitindo hufa. Viti hivi hivi, miaka ya themanini, huko huko Ulaya vilionekana vya kizamani, watu wakavitoa majumbani. Vinaweza kuchokwa tena. Bei ikianguka nikiwa navyo stoo, bibi atanirudishia?

Nikamwambia hatakurudishia, kwa sababu wewe utakuwa umenunua ukijua.

"Basi na hilo mwambie," alisema. "Mwambie huenda kesho visiwe na bei. Ama ukweli wako ni wa kupandisha tu?"

Nilimwambia bibi Ijumaa baada ya swala. Alifikiri kidogo, akasema viwili viuzwe sasa, viwili vibaki, maana wageni wakija hawawezi kukaa kwenye simu.